Kutwa mara tatu: kisa cha vidonge 15

Ijumaa baada ya alasiri, kibahasha cha dawa kilipofunguliwa, ndani mlikuwa na vidonge sita. Kwa hesabu ya aliyeviandika havikutakiwa kuwamo: cha kumi na tano, ndicho cha mwisho, kilikuwa kimezwe siku hiyo hiyo saa 8 mchana. Bibi mwenye dawa hakusahau hata siku moja. Hakuviacha kwa kichefuchefu, wala hakumgaia jirani anayeumwa na jino kama yeye. Alifuata alichoambiwa, neno kwa neno.

Kisa hiki tumekiunda kwa kuunganisha makosa ambayo yeyote aliyekaa nyuma ya dirisha la dawa Unguja au Pemba ameshayaona, moja leo, jingine mwezi ujao. Tumeyaweka katika nyumba moja ya Pemba kwa sababu huko neno lililozua yote haya, kutwa, bado lina uhai wake wa zamani. Mjini limeshakauka.

Jambo moja kabla hatujaendelea: humu tutaandika masaa tunapokusudia urefu wa muda, na saa tunapokusudia mahali mshale uliposimama. Walimu wa sarufi watusamehe. Sababu itaonekana mbele.

Lilivyokuwa

Bibi wa makamo ya miaka sabini, wa kijiji kisicho mbali na Wete, alivimba ufizi kwenye gego la chini. Jumapili usiku alipelekwa kituo cha binafsi. Dakta aliona jipu la jino, akamuuliza kama penisilini humdhuru, akaandika amoxicillin ya miligramu 500, kimoja mara tatu kwa siku tano. Uvimbe ukishuka, jino ling'olewe. Kwenye karatasi hayo yote yalikuwa alama chache tu: 1×3×5. Mtoa dawa alihesabu vidonge 15, vile vya rangi mbili, akavitia kwenye kibahasha cha plastiki na kuandika juu yake "1×3". Halafu akafasiri kwa mdomo:

"Bibi, kimoja kutwa mara tatu mpaka viishe. Umefahamu?"

"Nishafahamu, mwanangu."

Hapo ilikuwa saa 2 na nusu usiku. Bibi alirudi nyumbani, akaweka kibahasha juu ya kabati, akalala. Hakumeza hata kimoja, kwa sababu kwake yeye kutwa ya Jumapili ilikuwa imeshapita.

Jumatatu alianza: kimoja saa 2 asubuhi baada ya chai, kimoja saa 7 mchana baada ya wali, kimoja saa 11 jioni kabla ya kutia udhu wa magharibi. Jumanne vivyo hivyo. Uvimbe ukaanza kupungua, akaweza kutafuna upande wa pili.

Jumanne usiku mjukuu wake aliyeko Unguja, msomi wa mambo ya tiba, alipiga simu kumjulia hali. Aliposikia kwamba kidonge cha mwisho humezwa kabla ya magharibi, alishituka. Alimwandikia kijana wa nyumbani ujumbe wa simu: "Mwambie bibi anywe kila saa nane." Kijana akaenda kumsomea. Bibi alistaajabu kidogo kuona dawa imepunguzwa, lakini mjukuu ndiye aliyesoma. Kuanzia Jumatano akawa anameza kimoja tu, saa nane ya mchana, adhuhuri imeshasaliwa na sahani zimeshaoshwa. Alhamisi kimoja, saa nane. Ijumaa kimoja, saa nane. Maumivu yalikuwa yamerudi tangu Alhamisi usiku, na shavu limejaa kuliko mwanzo.

Binti yake alipokuja Ijumaa jioni ndipo kibahasha kikafunguliwa. Tatu na tatu sita, na moja mara tatu: tisa. Kumi na tano kutoa tisa ni sita.

Mtu wa kwanza wa kulaumiwa katika visa hivi huwa ni mgonjwa: mzee, hakusoma, hafahamu. Tunasema kinyume. Katika watu watatu, mtoa dawa, mjukuu na bibi, bibi ndiye pekee aliyelifahamu kila neno kwa maana yake kamili. Wengine wawili walitumia maneno ambayo kwao yamebaki maganda.

Kutwa, kwa anayelisikia

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaa milango miwili ya siku. Kimoja ni cha: kumekucha, kukicha, macheo. Cha pili ni chwa: jua limekuchwa, kumekuchwa, machweo. Kwa sura vimetengwa na w tu. (Kuna na cha nyingine, ya kumcha Mungu, na kucha za vidole, hizo hazihusiki hapa.) Kutwa ni kuchwa hiyo hiyo kwa matamshi ya t. Lahaja za kaskazini hutia t pahala pengi ambapo Unguja hutia ch: mato kwa macho, mtana kwa mchana. Unguja na Pemba zimebaki na sura zote mbili, moja katika machweo, nyingine katika mchana kutwa.

Kwa hiyo kutwa, ukilifungua, halitaji urefu wa muda. Linataja tukio: jua kushuka. Mchana kutwa ni mchana mpaka jua lishuke; usiku kucha ni usiku mpaka kupambazuke. Maneno yote mawili hupima safari kwa kutaja bandari ya kufikia.

Anayedhani huo ni ukale wa kamusi na ajaribu matumizi ya kila siku. Skuli ya kutwa ni ile ambayo wanafunzi wake hulala makwao. Wanaolala skuli wako dahalia. Kibarua wa kutwa hulipwa jioni akaenda zake, na ukimtaka alinde usiku mnapatana upya. Mtoto aliyeshinda kutwa pwani hakulala pwani. Na ushahidi ulio mzito kuliko yote ni msemo wenyewe wa kutwa kucha: lau usiku ungekuwamo ndani ya kutwa, kucha ingeongezwa ya nini? Katika matumizi yote hayo usiku uko nje. Ni pahala pamoja tu palipoamuliwa kwamba kutwa ni masaa ishirini na manne, na pahala hapo ni kwenye dawa.

Hata hivyo mtoa dawa hakutunga kosa. Alirithi. Waganga waliofunzwa kizungu huandika tds, ufupisho wa Kilatini ter die sumendum, yaani ya kutumiwa mara tatu kwa siku. Dies ya Kilatini nayo ilikuwa na sura mbili, mchana na siku nzima, kwa hiyo utata ulikuwamo tangu kwenye karatasi. Aliyetafsiri kwa kutwa alichagua neno zuri, fupi, linalotamkika, na kwa miaka mingi limekuwa kama muhuri wa duka la dawa. Kijana wa mjini hasemi tena jua limekuchwa, husema limezama. Kwake kutwa ni neno la kwenye chupa ya dawa, maana yake kwa siku, basi. Bibi wa Pemba kila jioni huwaita kuku waingie bandani kabla jua halijachwa. Ukimwambia kutwa mara tatu, husikia: mara tatu, jua lisichwe. Naye akafanya hesabu safi kabisa ndani ya mpaka huo.

Binti alipomuuliza kwa nini hakumeza usiku, jibu lake lilikuwa fupi: "Za kutwa nizinywe usiku kwani ndizo?"

Mwili nao una hesabu yake

Saa 2, saa 7, saa 11. Kati ya cha kwanza na cha pili masaa matano. Kati ya cha pili na cha tatu masaa manne. Kati ya cha tatu na cha kesho yake masaa kumi na matano. Jumla ni ishirini na manne, na idadi ni vidonge vitatu, kwa hiyo anayeangalia idadi peke yake ataona kila kitu kimekwenda sawa.

Amoxicillin haikai. Kwa mtu mwenye figo nzima kiasi kilichomo kwenye damu hupungua nusu kila baada ya dakika sitini hivi. Baada ya masaa matano imebaki kama sehemu moja ya thelathini na mbili. Baada ya masaa manane ni chembe. Na dawa za jamii ya penisilini hufanya kazi kwa muda zinaokaa juu ya kiwango cha kumzuia mdudu, hazifanyi kazi kwa wingi wa dozi moja. Ndiyo maana kukimbilia vidonge viwili kwa mkupuo kufidia kilichopita hakusaidii jino, huongeza kuharisha tu. Yale masaa kumi na matano ya usiku, kwa sehemu kubwa, bakteria walikuwa peke yao na ufizi.

Hapa tuseme ukweli ili asitishike mtu: vidonge vitatu vilivyobanwa mchana ni bora kuliko kutomeza, na uvimbe ulipungua kweli Jumatatu na Jumanne. Kilichoharibu zaidi ni hatua ya pili, ule ujumbe. Kutoka Jumanne saa 11 jioni mpaka Jumatano saa 8 mchana ni masaa ishirini na moja, na baada ya hapo masaa ishirini na manne, kisha ishirini na manne tena. Theluthi moja ya dawa, siku tatu mfululizo. Tena jipu la jino ni ugonjwa ambao hata dozi kamili huutuliza tu. Usaha lazima utoke na jino lishughulikiwe. Kwa hiyo hatudai kwamba neno moja ndilo lililorudisha uvimbe wote. Lilichangia.

Saa nane ya wapi?

Mjukuu alikusudia muda wa masaa manane. Bibi alisikia saa nane, ile iliyo kati ya adhuhuri na alasiri. Nani amekosea Kiswahili? Hakuna. Saa limetoka kwenye Kiarabu, sāʿa, nalo tangu huko lina mizigo mingi: kipimo cha muda, wakati fulani, chombo cha kupimia, na hata Kiyama chenyewe. Kiswahili kikalipokea na kuliweka kwenye ngeli ambayo wingi wake haubadiliki. Saa moja, saa nane, saa hii, saa hizi. Matokeo yake, "nimemngoja saa mbili" inaweza kuwa urefu wa kungoja, na "nimemngoja saa mbili, hakutokea" inaweza kuwa miadi iliyovunjwa.

Ndipo watu wa kawaida walipojitengenezea dawa yao: masaa. Skuli wanakatazwa, mitihani inawakata alama, na bado wanasema. Sisi tunaona hawakuzubaa. Ukisema masaa manane, kiambishi ma- kimekaa mara mbili, kwenye nomino na kwenye idadi, na hakuna msikilizaji atakayedhani unataja alama ya mshale. Saa nane ni mahali, masaa manane ni safari. Lau ule ujumbe ungesema "kila masaa manane", bibi angeuliza: nianze kuhesabu wapi? Hilo ndilo swali tulilolitaka. (Ingawa hata manane ina mwangwi wake. Usiku wa manane wengi huufahamu kuwa ni saa nane ya usiku, na usishangae akatokea wa kukuuliza kama dawa hii inataka aamke.)

Wapo wanaosahihisha kwa kuandika "kila baada ya saa 8". Haitoshi. Nayo husomeka kama kila siku ikishapiga saa nane, na anayeisikia kwa kusomewa hana namna ya kuona alama yoyote ya kumtoa shaka.

Sasa na "kwa siku"?

Pendekezo la haraka la wengi ni kufuta kutwa na kuandika "mara tatu kwa siku". Ni afadhali, kwa kuwa siku na usiku ni mzizi mmoja na siku imezoea kubeba giza na mwanga pamoja. Ila nayo ina mlango wake, na mlango huo haupo saa sita ya usiku kwa kila mtu. Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo ndiyo ya wazee wa visiwani, siku huanza jua likichwa. Usiku wa Ijumaa ni ule ambao redio huuita Alhamisi usiku. Ndiyo maana magazeti yamelazimika kuandika "usiku wa kuamkia". Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yalitokea usiku wa kuamkia Jumapili, na mzee atakwambia bila kusita kwamba ulikuwa usiku wa Jumapili, ingawa jua la mwisho kuonekana lilikuwa la Jumamosi. Saa zetu nazo zimefungwa kwenye jua hilo hilo: saa 1 usiku ni ya kwanza baada ya jua kuchwa. Visiwani jua hushuka kati ya saa 12 na robo na kiasi cha saa 12 na dakika 45 mwaka mzima, kwa hiyo mshale na mwadhini hawaachani mbali.

Hebu turudi kwenye vidonge 15 kwa jicho hilo. Ratiba sahihi ya dakta ilikuwa kuanza Jumapili saa 4 usiku, halafu saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, na kuendelea. Kwa kalenda ya ukutani inagusa tarehe sita, Jumapili mpaka Ijumaa, na ndiyo maana watoa dawa wengi huona tabu kuieleza. Kwa kalenda ya bibi ni siku tano kamili: usiku wa Jumatatu kimoja, asubuhi kimoja, mchana kimoja, Jumanne vivyo hivyo, mpaka Ijumaa saa 8 mchana, cha kumi na tano. Hakuna kinachozidi wala kupungua. Mgonjwa alikuwa na kalenda iliyolingana na dozi yake kuliko ya waliompa dawa, na hakuna aliyemuuliza.

Kosa hili kwa dawa nyingine

Kutwa mara mbili haina madhara makubwa. Watu humeza asubuhi na jioni, na saa 1 kwa saa 1 ni masaa kumi na mawili juu ya alama. Kutwa mara nne ndiyo mbaya: mtu akizibana zote kati ya chai na magharibi hupata nafasi za masaa matatu unusu hivi mchana, kisha usiku mtupu wa masaa kumi na matatu. Cloxacillin, ambayo hutakiwa kila masaa sita na tumbo likiwa tupu, huharibika namna hii mara nyingi. Kwa saa zetu ni rahisi kuikumbuka kuliko dawa zote: saa 12, saa 6, saa 12, saa 6.

Paracetamol hugeuza kosa. Anayejua kwamba kutwa ina mwisho huweza kuamini kwamba usiku una hesabu yake mpya. Akimeza viwili mara tatu mchana, halafu akaanza upya baada ya isha kwa mpangilio huo huo, amefika vidonge 12 vya miligramu 500 ndani ya masaa ishirini na manne. Mpaka wa mtu mzima ni 8, na kati ya dozi na dozi yasipungue masaa manne. Ini halijui kama jua limekuchwa.

Dawa mseto ya malaria iliyoanza kutumika Zanzibar 2003, artesunate na amodiaquine, humezwa mara moja kwa siku kwa siku tatu. Aliyepewa dozi ya kwanza saa 3 usiku asimeze ya pili asubuhi kwa kuwa "siku mpya imeingia". Angojee saa 3 usiku nyingine.

Ramadhani ni mlango wa peke yake. Kutwa hapo ndiyo funga yenyewe, kwani mtu hufunga kutwa. Kumpa aliyefunga dawa iliyoandikwa kutwa mara tatu ni kumwambia afungue bila kumwambia. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku baadaye, lakini wengi hawafungui. Hubana vidonge vitatu kati ya futari na daku bila kumwambia mtu. Swali la kuulizwa dirishani mwezi huo ni moja: unafunga? Akijibu ndiyo, arudishwe kwa dakta kutafutiwa dawa ya mara mbili au ya mara moja. Mtoa dawa asijigawie ratiba mwenyewe.

Kibahasha kilivyoandikwa upya

Jumamosi bibi alirudishwa kituoni. Hakuambiwa amalize vile sita. Alipelekwa kwa dakta wa meno, jipu likatumbuliwa, akaandikiwa dozi mpya, 1×3×5 kama ya kwanza. Safari hii mtoa dawa, aliyekuwa mwingine, alitumia dakika mbili zaidi. Kwenye kibahasha palikuwa na picha tatu za kiwandani: jua likichomoza, jua la utosini, jua likishuka baharini. Ile ya tatu aliikata kwa kalamu, kwa sababu inasema magharibi, akachora mwezi. Chini yake akaandika:

Kidonge 1 saa 12 asubuhi
Kidonge 1 saa 8 mchana
Kidonge 1 saa 4 usiku
Cha kwanza: leo Jumamosi saa 8 mchana
Cha mwisho: Alhamisi saa 12 asubuhi
Jumla 15

Mstari wa cha kwanza na wa cha mwisho ndio ambao wengi huuacha, nao ndio unaomwezesha binti au jirani kufungua kibahasha siku yoyote na kujua kama hesabu inakwenda. Mfano Jumatatu asubuhi, baada ya kile cha saa 12, viwe vimebaki 9.

Saa alizozichagua hazimwamshi mtu. Saa 12 asubuhi bibi ameshasali alfajiri. Saa 4 usiku isha imeshapita, na wengi hawajalala. Kwa anayetumia simu ya kumwamsha, hesabu ni kutoa sita: 14:00 toa 6 ni saa 8, 22:00 toa 6 ni 16, toa tena 12 ni saa 4, 06:00 toa 6 hakubaki kitu, nayo ndiyo saa 12. Simu zenye AM na PM ziangaliwe mara mbili, maana kosa la herufi moja huihamisha saa 4 ya usiku ikawa ya asubuhi.

Mtoa dawa hakumuuliza kama amefahamu. Swali hilo halina jibu ila moja. Mzee mwenye heshima zake hawezi kumwambia kijana mbele za watu kwamba hakufahamu. Alimpa maji, bibi akameza cha kwanza palepale, saa nane ikiwa imepita kwa dakika chache. Kisha:

"Bibi, cha pili utakimeza lini?"

"Usiku wa Jumapili, watu wakishakula."

Mtoa dawa alinyanyua mkono kumsahihisha. Jumapili ilikuwa kesho. Angekosa usiku mzima. Bibi akamtazama.

"Leo usiku, mwanangu, si ndio usiku wa Jumapili?"

Mtoa dawa akakichukua tena kibahasha. Mbele ya saa 4 usiku akaongeza neno moja, leo, akalipigia mstari.